Gari Lililokataa Kulipita Lori

Same,
14 Agosti 2025

Mpendwa dada yangu Eliaichi,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na kwamba miguu yako imeacha kuvimba tangu ulipopunguza kusimama dukani. Sisi huku tunapumua. Mama yupo Myamba, kifua kilimsumbua kidogo kwa baridi ya mwezi wa saba, lakini anakwenda kwenye tangawizi yake kama kawaida na hataki kuambiwa apumzike. Ameniagiza nikusalimie sana, na nikwambie kwamba lile blanketi ulilomletea anajifunika hata mchana, akikaa jikoni.

Najua utashangaa kupata barua wakati tunaongea kwenye simu karibu kila Jumapili. Lakini kumbuka tunavyoongea. Wewe unaniuliza tunaendeleaje, mimi nakujibu tunamshukuru Mungu, halafu tunahamia kwenye habari za mvua. Sikuwa nakuficha kwa ubaya. Kila nilipotaka kuanza, niliisikia sauti yangu mwenyewe inavyokuja, nikaiogopa, nikanyamaza. Karatasi haina sauti. Nimempa Elirehema wa kwa mama mkubwa aje nayo, maana anarudi huko chuoni. Tafadhali tafuta mahali penye utulivu uisome, na usimpigie Mama kabla hujafika mwisho.

Dada, tangu tumzike Blessing mwaka jana, nyumba yetu haijapata kuwa kimya. Najua watu husema kinyume, kwamba nyumba iliyopoteza mtoto huwa kimya. Yetu haiko hivyo. Nafagia ua nasikia kandambili zake zikiburuzwa koridoni. Napika makande nakuta nimeweka sahani tatu. Majirani bado wananiita Mama Blessing, na mimi bado namwita mume wangu Baba Blessing, kwa sababu sijawahi kumwita vingine na sijui nianzie wapi. Kila tukiitana ni kama tunamwita yeye, na kila mara ni kama kuna mtu anayekaribia kuitika.

Wewe ulikuja msibani, unajua lililotokea. Ilikuwa likizo ya Desemba. Rodrick mume wangu alikuwa anampeleka kwa bibi yake Myamba, wapite Hedaru ndipo wapande mlima. Katikati ya Makanya na Hedaru jiwe lilitoka kwenye matairi ya lori lililokuwa mbele yao, likapasua kioo, likampata mtoto aliyekaa mbele, upande wa kushoto. Lori likaenda zake bila dereva kujua. Ndivyo Rodrick alivyotueleza siku ile, nguo zake zikiwa vile ulivyoziona, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumuuliza zaidi. Mchungaji alisema mambo mengine ni ya Mungu, tukaitikia, tukaimba, tukarudi nyumbani.

Gari lenyewe lilibaki zima. Hilo ndilo lililoniumiza. Ulishaliona, lile dogo la rangi ya damu ya mzee. Mbele palikuwa na kovu moja tu kwenye boneti, dogo kama punje ya hindi, na kioo kilichopasuka. Nilimsihi Rodrick aliuze. Shemeji zangu nao walimsihi. Alikataa bila kugombana na mtu, akaenda kuweka kioo kipya, akarudi kwenye biashara yake ya tangawizi kana kwamba anarudi jeshini. Kila siku ya gulio la Myamba anaondoka asubuhi, anarudi jioni, anakula, hasemi.

Siku moja mwezi wa pili alirudi akiwa na mazungumzo. Nilishangaa, kwa sababu tangu msiba nilikuwa nikipata neno moja moja kama mtu anayedonoa. Aliniambia Muhidin, yule rafiki yake mwenye banda karibu na stendi, ambaye zamani alikuwa anabandika tinti na maandishi kwenye vioo vya mabasi, amejifunza kazi mpya Dar es Salaam. Anavalisha gari plastiki ang'avu upande wa mbele ili kokoto zisichubue rangi. Rodrick alinieleza jinsi inavyofanyika, mikono yake ikicheza hewani. Gari linaoshwa mpaka linakuwa kama sahani. Plastiki inanyunyiziwa maji ya sabuni, inalazwa juu ya boneti, halafu Muhidin anaisukuma taratibu kwa kipande cha mpira mpaka maji na mapovu yote yatokee pembeni. Kwenye kona anapitisha hewa ya moto ili ishike. Boneti, bampa, taa, hata migongo ya vioo vya pembeni. Ukitazama huoni kitu. Kokoto ikija inaipiga plastiki, rangi iliyo chini inabaki salama.

Nilifurahi, dada. Nilijiambia kwamba mtu anayehangaikia rangi ya gari lake ameanza kurudi duniani. Siku Muhidin alipomaliza nilikwenda bandani kutazama, nikaona gari linang'aa hata milima ya Upare unaiona imelala kwenye boneti. Lile kovu la punje ya hindi lilikuwa bado lipo, chini ya plastiki. Muhidin alinivuta pembeni akaniambia alitaka kuliziba na kulipaka rangi kwanza, maana ndivyo kazi inavyotakiwa, lakini Rodrick alimzuia. Alimwambia alifunike hivyohivyo. Nilichukulia kuwa ni majonzi.

Furaha yangu haikukaa. Baada ya gulio lililofuata Rodrick alirudi bandani kwa Muhidin, na baada ya lingine tena. Alikuwa akiamka asubuhi anachuchumaa mbele ya gari, anapapasa plastiki kwa vidole kama kipofu anayesoma, akikuta shimo anakaa nalo muda mrefu. Kisha analipeleka likabanduliwe na kuvalishwa upya. Mjini walianza kusema mume wangu ameoa gari. Wengine walisema mabaya zaidi. Mama mmoja wa kwaya, sitamtaja, aliniambia kwa huruma kwamba amemwona Rodrick barabarani akiongea peke yake, kichwa kimegeukia kiti cha kushoto, na kwamba ni heri tuite wazee waliombee gari lile kwa sababu mtoto hajashuka.

Nilimkasirikia. Lakini jioni hiyo jua likiwa bado juu, Rodrick akiwa anaoga, nilikwenda nikafungua mlango wa kushoto. Mkanda ulikuwa umefungwa. Kiti kitupu, dada, na mkanda umepita juu yake umefungwa vizuri, umelegezwa kidogo kifuani kama anavyofungwa mtu mdogo. Niliufunga mlango polepole nisifanye kelele. Sijui nilikuwa naogopa kumwamsha nani.

Baada ya hapo niliishi kama mtu anayekaa nyumba moja na mgeni asiyejitambulisha. Nilisali. Nilifunga. Kuna siku nilijikuta na mimi nazungumza nikiwa nafua, namwambia Blessing asimfuate baba yake barabarani, abaki nyumbani na mimi. Niliposikia nilichokisema niliacha nguo kwenye beseni nikaenda kukaa kanisani mpaka walipokuja kufunga.

Aliyenifungua macho ni Muhidin. Alikuja dukani kwangu katikati ya mwezi uliopita, akanunua maji asiyoyahitaji, akazungukazunguka. Mwisho akaniuliza, "Shemeji, Rodi anafuata nini huko barabarani?"

Nilimwambia sielewi. Akasema yeye anashika mbele za magari kila siku. Gari la mtu wa kawaida hupigwa hapa na pale, kokoto moja ya gari hili, nyingine ya lile, hasa njia ya vumbi. La Rodrick limepigwa kama mtu aliyesimama kuitazama mvua. Kila wiki ni hivyo, boneti nzima na kioo, na mashimo ni ya mawe yenye kasi, ya kwenye lami. Alisema gari halichubuki mbele likiwa peke yake, lazima pawe na kitu kinachotangulia, na mtu mwenye akili akirushiwa mawe anarudi nyuma au anapita. Rodrick harudi nyuma wala hapiti. Amemuuliza mwenyewe, akajibiwa kwamba anafuata njia. "Mimi nabandika tu," Muhidin akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Lakini naogopa ipo siku nitaletewa gari lisilo na mwenyewe."

Siku ya gulio sikumwambia Rodrick kitu. Tulikunywa chai, nikavaa, nikachukua pochi yangu, nikaenda kusimama kwenye mlango wa kushoto. Aliuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia nakwenda kumwona Mama. Akaniambia nikae nyuma, huko mbele kuna vitu vyake. Nilifungua mlango. Mkanda ulikuwa umefungwa kama siku ile. Nikabonyeza kitufe, ukafyatuka na kurudi ndani kwa ile sauti yake, na Rodrick akageuza uso kama mtu aliyepigwa kofi. Nikakaa. Nikajifunga.  Rodrick akaingia, akafunga mlango wake. Halafu akawasha.

Tukaipita Makanya. Milima ilikuwa kushoto kwetu, vichwa vyake vimefichwa na wingu, na kulia mkonge umepangwa safu mpaka macho yanachoka. Mbele kidogo alitoka barabarani akasimama kwenye kivuli chembamba cha mgunga, akazima gari. Nilimuuliza tunasubiri nini. Alishika usukani kwa mikono miwili. Mara tipa likatokea kwenye njia ya vumbi ya machimboni, limejaa kokoto, likaingia lami, likapiga gia kuelekea Hedaru. Mume wangu akawasha gari na kulifuata, bila haraka, kama mtu anayekwenda kazini kwake.

Nilifahamu hapohapo ni lori gani. Hakuna aliyeniambia.

Likashika kasi, nasi tukashika. Kokoto ndogo zilianza kutugonga, ta, ta, ta-ta, kwenye boneti. Dereva wa tipa alitoa mkono nje akatupungia tupite. Njia ilikuwa nyeupe, hakuna gari linalokuja. Rodrick hakupita. Dereva akawasha indiketa, akapunguza mwendo, akapunga tena, mkono wote nje, kwa nguvu kama mtu anayefukuza mbwa. Rodrick naye akapunguza. Tipa likaongeza, naye akaongeza. Halafu akaanza kusogea. Alisogea mpaka nikaona matairi yale mawili mawili ya nyuma yanavyozunguka, na vumbi jeupe lililoganda kwenye bodi, na chini ya vumbi maandishi ya rangi ya njano yasiyosomeka vizuri.

Nikamwambia, "Baba Blessing, umekaribia mno."

Akasema, "Hapa ndipo."

Nilimuuliza hapa ndipo nini. Na ndipo aliponiambia, akiwa anaendesha, macho hayatoki kwenye lori, sauti yake ya kawaida kabisa kama anayenitajia bei ya tangawizi. Alisema siku ile walikuwa nyuma kabisa, mbali, salama. Mtoto alikuwa anasoma maandishi ya kila gari linalopita, si unajua alivyokuwa, hata mabango ya dawa za ng'ombe alikuwa anayasoma kwa sauti. Akaona maandishi ya njano mgongoni mwa tipa, vumbi limeyafunika. Akasema, "Baba, sogea nisome."

"Nikasogea," Rodrick akasema. "Akasoma neno la kwanza, akasema 'Haraka,' akacheka. Akaniambia, bado, sogea kidogo tena. Nikasogea tena."

Dada, miezi saba huyu mtu amelala pembeni yangu na maneno hayo kinywani. Aliniambia jiwe lile halikuwa la Blessing. Lilikuwa la aliyesogea, likakosea upande. Kwa hiyo kila wiki anakuja anakaa palepale, umbali uleule, anangoja la kwake. Plastiki alivalisha ili nisione mashimo nikamuuliza. Akasema kokoto ni nyingi lakini jiwe lenyewe haliji, na kwamba amechoka.

 Niliyatazama yale maandishi, nikayasoma yote mpaka mwisho kimoyomoyo. Yalikuwa yanasema, Haraka ya Nini.

Wakati huohuo kitu kilipiga kioo upande wangu, pah, na alama kama nyota ikatokea mbele ya uso wangu. Sikuona zaidi ya hapo, kwa sababu mkono wa Rodrick ulikuwa tayari umefika. Aliuachia usukani kwa mkono wa kushoto akanikinga uso na kifua, akanibana kwenye kiti kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Gari liliyumba, likatoka kwenye lami, likaruka kwenye majani makavu, likasimama limeinama upande kama mnyama aliyechoka. Injini ikazima yenyewe. Mkono wake ulibaki palepale kifuani pangu. Tulikuwa tunapumua kwa nguvu wote wawili. Kisha akaanza kulia, dada. Hakulia siku ya mazishi, uliona mwenyewe watu walivyoshangaa. Alilia barabarani pale mpaka nikaogopa atakatika mshipa.

Tipa lilikuwa limesimama mbele. Dereva alishuka akaja kwa miguu pembeni ya barabara, mtu wa makamo, kofia ya kiua kichwani, mkononi ameshika spana ya magurudumu. Hakuja moja kwa moja. Alikuja hatua mbili anasimama, midomo inacheza anasoma dua. Alipofika karibu na mlango wangu alisimama mbali kidogo, akainama kutuchungulia.

"Ninyi ni watu?" akauliza.

Nikamwambia ni watu.

Alisema jina lake Idrisa, wa Hedaru. Alisema amefuatwa na gari hili tangu kabla ya masika. Akiliachia njia halipiti, akisimama linasimama, akiiacha lami linapotea. Rangi yake ile, na kioo kinavyong'aa, hajawahi kumwona sawasawa aliye ndani. Amekwenda kwa shehe akasomewa, amebadilisha saa zake za kutoka, mkewe Fadhila amemsihi aache kazi. Leo alikuwa ameapa kulisubiri, liwe jini au liwe mtu. Halafu akamtazama Rodrick aliyekuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani, sauti yake ikashuka, akauliza, "Kaka, nilikukosea nini?"

Rodrick alimweleza. Alimweleza yote, hata lile la kusogea, akiwa hajainua kichwa. Nilikuwa namtazama Idrisa. Spana ilimtoka mkononi ikaanguka kwenye majani. Alikaa chini, chini kabisa, kwenye vumbi, mikono kichwani. Alisema alizisikia habari za mtoto yule. Alizisikia Hedaru, kwenye genge, siku ileile, watu wakisema ni lori fulani. Akasema maskini, akamalizia chai yake. Haikumpitia akilini kwamba ni lake. Ametembea nalo miezi yote hiyo, akilifunga turubai, akiliosha, akiswali, na halikumpitia akilini.

Akainuka akaenda kwenye tipa lake, akalala chali chini ya matairi ya nyuma, akakaa huko. Alirudi akiwa na mawe kwenye viganja, makubwa kuliko mayai mengine, yenye alama nyeusi za mpira. Akatuonyesha. Alisema hujibana katikati ya matairi mawili, yeye huyatoa kila asubuhi kwa bapa la chuma, lakini mengine huingia njiani asiyaone. Hakuwa anajitetea. Alisema kama mtoto anayeonyesha kidonda. Akayaweka chini moja moja kana kwamba yatavunjika, akauliza kaburi liko wapi.

 Mimi nilimwambia liko Myamba, kwetu, kwenye mteremko nyuma ya nyumba ya Mama.

Hatukwenda gulioni siku hiyo. Idrisa alitusaidia kulirudisha gari kwenye lami, na niliona jinsi walivyosukuma, bega kwa bega, bila kutazamana. Tuliporudi Same Rodrick alilala mchana kutwa, amevaa viatu. Tangu hapo anakwenda Myamba kwa basi. Amemwambia Muhidin akiona mteja wa gari amlete. Anakula. Juzi alicheka kitu redioni, tukashtuka wote wawili. Lakini sitaki nikudanganye kwamba mambo yamekwisha. Mvua ikianza, yale matone ya kwanza yanayopiga bati moja moja, tunaacha kula, tunatazamana, mpaka inyeshe sawasawa na tujue kweli ni mvua. Na mkono wake wa kushoto akiwa usingizini huurusha upande wangu, akanibana kitandani. Siuondoi.

Sasa, dada, nikuambie jambo ambalo hata yeye hajalijua, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Pale nyuma ya tipa, alipokwisha kusema kwamba anangoja jiwe, nilikuwa na nafasi ya kumshika mkono, ya kumlilia, hata ya kuvuta breki ya mkono. Sikufanya. Nilikaa. Niliyasoma maandishi nikamwona mwanangu anavyoyasoma, na nikasema moyoni, basi na lije, lituchukue wote wawili, tumkute. Haikuwa muda mrefu, lakini nililitaka kwa moyo wangu wote. Nililisogelea na mimi. Yeye ndiye aliyenikinga. Watu wakijua watasema Devotha alikwenda kumwokoa mumewe, Muhidin ameshaanza kusema hivyo mjini, na mimi naitikia. Wewe ujue ukweli. Usiniambie kitu kwenye simu kuhusu hili. Njoo, ukae na mimi japo wiki moja, unione usoni.

Kuna sababu nyingine ya kuja. Idrisa alimtafuta Muhidin bandani kwake, na amemtuma mara mbili kuuliza kama ataruhusiwa kupanda Myamba, yeye na mkewe, wasimame kaburini wamwombee mtoto. Mara zote Rodrick alisikiliza akaondoka bila jibu. Mama nilimweleza kwa kifupi, akasema mtu akiomba kuja kulia mlango haufungwi, ila mwenye mlango ni baba wa mtoto. Nikaacha hivyo. Sikutaka kumsukuma.

Jana asubuhi alikuwa ananawa uso pale uani, mgongo amenipa. Bila kugeuka akaniuliza, kule kwa Mama, Mwislamu aliye karibu ni nani, anayeweza kutuchinjia mbuzi. Nikamwambia yupo Mzee Sefu, chini ya shule. Akajimwagia maji tena, akajifuta uso kwa shati. "Basi aambiwe mapema," akasema, "wageni wasije wakashindwa kula."

Watapanda Myamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Ukipata basi la Alhamisi utafika kwa wakati, na nitakuja stendi mwenyewe kukupokea. Msalimie sana shemeji, wabusu watoto, na yule mdogo mwambie mama yake mdogo wa Same anamkumbuka. Muhidin anakusalimia. Rodrick hajui kama nakuandikia, lakini angejua angekusalimia pia.

Mungu akulinde njiani, dada yangu. Ukae kiti cha katikati.

Mdogo wako akupendaye,
Devotha